Mtunza stoo wa majani makavu

Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Kazi yangu ni kuingia stoo za watu, kufungua leja, kuhesabu kilichopo na kuuliza kisichopo kimekwenda wapi. Kwa hiyo nikisema stoo nzuri kuliko zote nilizowahi kuingia imejaa majani makavu matupu, naomba niaminiwe.

Ipo Nairobi, kwenye viwanja vya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wenyewe wanaiita hebaria, yaani stoo ya mimea iliyokaushwa kwa ajili ya utafiti: Hebaria ya Afrika Mashariki. Binamu yangu anayesomea misitu alikuwa na miadi ya kuangalia sampuli ya mti fulani, nami nikamfuata kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na sikuwa na pa kwenda. Ndani ni makabati, safu kwa safu, na harufu kama ya sanduku la nguo za bibi. Mhudumu akatoa jalada, akaliweka mezani taratibu. Ndani yake karatasi ngumu, nyeupe ya zamani iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na juu yake tawi limetandazwa na kushikizwa kwa uzi kama kifungo cha shati. Kona ya chini kuna lebo: limechumwa wapi, mwinuko gani, tarehe gani, nani kachuma, namba yake ngapi. Na jina la mti kwa Kisambaa.

Binamu akataka kuipindua karatasi kama ukurasa wa daftari. Mhudumu akamshika mkono. "Hapana kaka, haipinduliwi. Unainyanyua hivi hivi ilivyo, kwa mikono miwili." Jani lililokauka miaka mingi likigeuzwa kifudifudi linavunjika, na hilo huwezi kuliagiza upya.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye namba.

Stoo hiyo asili yake ni kwetu Tanga. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti Amani, kwenye milima ya Usambara, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia na wakaanza kukusanya mimea mikavu. Waingereza wakarithi. Mwaka 1950 makusanyo yakahamishiwa Nairobi, na Peter Greenway, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Amani tangu miaka ya 1920, akahama nayo. Huyu Greenway namheshimu kwa jambo moja hasa: mwaka 1937 alichapisha kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Alikuwa na subira ya kumuuliza mtu wa pale pale, "Huu mnauitaje?" kisha akaandika alichojibiwa.

Baada yake wakaja kuiongoza stoo hiyo Bernard Verdcourt, ambaye pamoja na mimea alikuwa bingwa wa konokono, na Jan Gillett. Mwaka 1971 kiti kikachukuliwa na Mganda, Christine Kabuye. Alikikalia mpaka 1995. Miaka 24.

Sasa niulize: nani kati yenu amewahi kulisikia jina hilo shuleni? Mimi sikulisikia. Nilichofundishwa ni habari ya Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyeokota kaua kadogo ka zambarau huku kwetu, akampelekea baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akakapa jina la Saintpaulia. Leo kanauzwa kwenye vikopo dunia nzima. Hadithi tamu, sikatai. Lakini baron aliokota. Kuokota ni kazi ya asubuhi moja. Kutunza ni kazi ya miaka 24, na haina picha ya kuonyesha.

Nadhani tatizo ni neno lenyewe. Kwetu ukisema fulani ni mtunza stoo umeshamweka mahali pake, chini ya karani. Mjomba wangu alipoambiwa kuwa kijana wetu anasomea miti aliuliza, "Akimaliza atakuwa nani? Bwana miti?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hata sisi hatukujua kwamba mtu anaweza kuanza na majani na kuishia kuongoza taasisi inayotegemewa na nchi tatu.

Na stoo ikipotea ndipo utajua. Hebaria ya Berlin, chini ya Adolf Engler, ilikuwa imepokea mimea mingi sana ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Engler aliandika majina mapya kwa maelfu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yakaangukia jengo, sehemu kubwa ikateketea, na ndani yake sampuli mama, yaani lile tawi lenyewe ambalo jina la mmea limefungwa kwalo. Kilichookoa baadhi ya majina ni utaratibu ambao mhasibu yeyote anaufahamu: kitabu cha risiti. Mchumaji mzuri hachumi tawi moja. Anachuma matatu, manne kutoka mti ule ule, anayapa namba moja, na nakala zinasambazwa kwenye hebaria mbalimbali. Berlin ikiungua, huenda nakala ipo kwingine.

Kwa hiyo kiongozi wa mahali kama pale anapambana na wadudu, unyevu, bajeti, na wakopaji. Naam, majani yanakopeshwa! Mtafiti wa Kew, bustani kubwa ya mimea kule London, anaomba, anatumiwa, na kuna daftari la kuonyesha amerudisha au hajarudisha. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ndege na mabehewa yaligombaniwa. Kabuye alikuwa kwenye kiti wakati huo, Mganda ndani ya Nairobi, na makusanyo yenye mimea ya nchi zote tatu. Hayakugawanywa mafungu matatu. Ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza kuchapishwa 1952, iliendelea mpaka ikakamilika 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Jumuiya yenyewe ilikufa na kufufuka katikati, orodha ikiendelea.

Na hakubaki kabatini. Kabuye alivutwa sana na mimea ambayo watu wanaila na kujitibu nayo, akaanzisha pale makumbusho kituo cha maarifa ya asili, na mwaka 1999 yeye, Patrick Maundu na Grace Ngugi wakatoa kitabu kinene cha vyakula vya asili vya Kenya. Mgagani na mnafu, mboga ambazo utotoni tuliona haya kuzila mbele ya wageni, zimo humo kwa heshima zote.

Kabla hatujaondoka nilimwomba mhudumu kitu kimoja. Binamu alikuwa ameniambia njiani kwamba kuna jenasi nzima ya mimea, yaani ukoo mdogo wa spishi zinazofanana, imepewa jina la mama huyo, Kabuye. Mhudumu akatabasamu, akaenda, akarudi na jalada la Kabuyea hostifolia. Mmea wa Tanzania na Msumbiji. Engler ndiye aliyeupa jina kwanza, akauweka kwenye jenasi nyingine. Mwaka 1998 Brummitt, mtaalamu wa mimea wa Kew, akaona umewekwa nyumba isiyo yake, akaujengea nyumba mpya na kuiita kwa jina la Mganda wetu. Saintpaulia, kwa taarifa yenu, haipo tena kama jenasi tangu 2015. Ua la baron limehamishiwa kwenye jenasi nyingine, Streptocarpus.

Niliinama kuitazama ile karatasi. Jina la kwanza halikufutwa. Pembeni yake palibandikwa kikaratasi chenye jina jipya, sahihi na mwaka, sawasawa na tunavyosahihisha leja: hukwangui, hupaki rangi, unaandika upya na kutia sahihi yako. Mhudumu akalifunga jalada, akalinyanyua kwa mikono miwili. Nilipofika mlangoni nikajaza daftari la wageni, na kwenye kisanduku cha kazi yangu nikaandika "stoo".