Ngapi Ngapi? Swali Lililoniponza Bergen

Jumamosi iliyopita nilipiga vigelegele uwanjani nikaombwa nipunguze. Si kwa ukali, maana Wanorwei kugombana hadharani hawakuwezi. Alinijia baba mmoja kavaa kizibao cha njano, wenyewe wanamwita kampvert, yaani mzazi wa zamu anayewaangalia wazazi wenzake wasipandwe na mzuka. Akaniambia kwa sauti ya mtu anayeazima chumvi kwa jirani: "Huwa tunajitahidi kushangilia timu zote mbili."

Mwanangu alikuwa ametoka kufunga bao lake la tatu. Timu zote mbili! Mimi mtoto wa Tanga, niliyekulia kwenye vigodoro na ngoma za kuamkia, nishangilie na waliofungwa?

Mvua ilikuwa inanyesha, ya Bergen hiyo, haina mwanzo wala mwisho. Watoto wa miaka tisa, watano kila upande, nyasi za bandia zinang'aa kwa maji. Nikamuuliza mama aliyesimama karibu yangu na kikombe chake cha kahawa, "Ngapi ngapi?" Akatabasamu. "Sijahesabu." Haya. Dakika chache baadaye naona wenzetu wameingiza mtoto wa sita. Kumbe ndiyo kanuni yao: timu ya watoto ikizidiwa kwa mabao manne, inaruhusiwa kuongeza mchezaji mmoja. Sasa niambieni wenzangu, kama hakuna anayehesabu, hayo manne kayaona nani?

Nilirudi nyumbani nimenuna. Lakini nimekaa na jambo hili wiki nzima, na kila nikiligeuza linanipeleka mahali ambapo sikutaka kwenda.

Hapa Norwei michezo ya watoto ina kanuni zake tangu 1987. Mpaka mwaka mtoto anaotimiza miaka 11, hakuna msimamo wa ligi wala orodha ya nani wa kwanza nani wa mwisho. Zikitolewa zawadi, wanapata wote. Ubingwa wa taifa kwa watoto wa chini ya miaka 13 haupo. Na shuleni ni hivyo hivyo, mtoto hapewi alama za kwenye cheti mpaka aingie darasa la nane. Mwalimu anakuita, mnakaa kwenye viti vidogo magoti yakigusa kidevu, anakueleza mtoto anaweza nini na bado nini. Mara ya kwanza nilimsikiliza mpaka mwisho, halafu nikamuuliza, "Sawa mwalimu, lakini amekuwa wa ngapi?" Akadhani sijaelewa Kinorwei. Akarudia yote upya, polepole.

Sasa turudi kwetu. Siku ya kufunga shule, mstarini, jua la saa nne. Mwalimu wa taaluma kashika karatasi, anasoma majina kuanzia wa kwanza kwenda chini. Kadiri jina lako linavyochelewa ndivyo miguu inavyozidi uzito. Darasani kwetu tulikuwa 94. Mimi nilikuwa kipanga, nasema bila haya, sikuwahi kushuka chini ya wa tatu. Nilipewa madaftari na kalamu, nikapigiwa makofi ya kilo. Nyumbani baba alipokea ripoti, na wala hakuwa na habari na alama. Kidole chake kilishuka moja kwa moja hadi chini ya karatasi, penye nafasi. Akiikuta, anaikunja.

Shoga yangu niliyekaa naye dawati moja alikuwa wa themanini na kitu, kila muhula. Lakini huyo binti alikuwa na mbio! Kwenye rede humpati, utarusha mpira mpaka bega likuume. Peku, aliwaacha hata wavulana wa darasa la saba. Tulipokuwa darasa la sita ikaja zamu ya kupeleka timu wilayani, kwenye UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi. Jina lake lilikuwa kwenye orodha, likakatwa. Mwalimu alisema mbele yetu sote: "Kilaza akakimbie nini? Asome kwanza." Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Mwaka uliofuata tulikuwa darasa la saba, na darasa la saba mnajua wenyewe, hakuna michezo, kuna masomo ya ziada tu. Alipofeli, nyumbani kwao palikuwa na majibu mawili: bibi yake alisema mtoto kafungwa nyota, baba yake akasema Mungu hakumjalia kichwa. Yakaishia hapo. Shule nzima tulichaguliwa sita kwenda sekondari, na njia zetu zikaachana.

Najua mtakayosema. "Ameanza. Kaonja theluji, sasa kwao kote kubaya." Ngojeni kwanza. Mimi sikuumizwa na ile karatasi, mimi ilinibeba, ndiyo iliyonifikisha huku. Anayepaswa kuilalamikia siye anayeandika hapa. Na sisemi ilitungwa na watu wabaya. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, mamia ya watoto wanagombea viti vya kuhesabika, lazima uwe na chekeche. Mwalimu Nyerere aliliona hilo mapema, kwenye Elimu ya Kujitegemea ya 1967 alitaka shule ya msingi iwe elimu kamili yenyewe, isiwe chumba cha kusubiria sekondari. Hatukumsikiliza, au tulimsikiliza tukampigia makofi, ambalo kwetu ni jambo lile lile. Leo shule za kata zimejaa nchi nzima, na sera mpya inasema elimu ya lazima ni miaka kumi. Mchele umeongezeka lakini chekeche tumeling'ang'ania. Hata Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, watu walilalamika kama wamenyang'anywa sikukuu.

Mwingine atasema, hao wana mafuta, watoto wao hata wasihesabiwe watakula tu. Kweli wana mafuta. Lakini zile nyavu za golini hazikununuliwa na mafuta. Zilinunuliwa kwa karatasi za chooni. Sitanii. Kila mzazi wa klabu anapewa marobota ya karatasi za chooni akauze kwa majirani na ndugu, faida inarudi kwa watoto. Wanaiita dugnad, yaani msaragambo. Mimi nimeuza marobota kumi na mawili, na kibandani nimegeuza chapati zao za vafler mpaka nguo zikanuka siagi. Kocha ni mzazi, halipwi. Tusiambiane kwamba kwetu hatuwezi kuchangishana. Kamati ya harusi ikikaa vikao vitatu inatoka na mamilioni, na kadi inakufuata mpaka Ulaya. Mpira wa watoto ndio haujapata kamati.

Na matokeo yapo. Nchi hii ina watu milioni tano na nusu, yaani ni Dar es Salaam tu na bahari yake. Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing, 2022, walichukua dhahabu 16. "Theluji ni ya kwao!" Sawa, na Karsten Warholm aliyeruka viunzi vya mita 400 kwa sekunde 45.94 kule Tokyo, huko nako kulikuwa na theluji?

Sisi medali za Olimpiki tunazo mbili tangu tupate uhuru, zote fedha, zote za Moscow 1980, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Septemba 2025 Alphonce Simbu alipompita Mjerumani kwenye mstari wa kumalizia kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde, marathoni ya ubingwa wa dunia, nilipiga vigelegele humu ndani mpaka jirani wa chini akagonga mlango kuuliza kama kuna msiba. Bingwa wa dunia, Mtanzania! Nililia. Halafu nikamkumbuka shoga yangu, nikajiuliza Simbu wangapi tumewakata majina kwenye orodha.

Tatizo langu si hesabu. Watoto wenyewe wanahesabu! Mlango wa gari ulipofungwa tu, mwanangu alinong'ona: "Mama, saba kwa mbili. Mimi matatu." Anajua hadi dakika. Ila keshokutwa yake anakwenda mazoezini na wale wale aliowafunga, na yule mnene wa golini haulizwi na mtu mzima kwa nini yamepita saba. Kwetu namba haiishi mchezoni, mtoto anaibeba kama jina la ubatizo. Na ukishakubali kwamba kuna waliozaliwa na nyota na wasio nayo, usishangae timu kubwa zikipigwa faini kwa kukwepa mlango rasmi wa uwanja eti umetegwa kwa uchawi. Mtu aliyefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba matokeo ni majaliwa, mazoezi atayaaminije?

Nao si malaika, msinielewe vibaya. Wana tabia yao, Janteloven, usijione wewe ni zaidi ya wenzako. Mtoto kafunga matatu, kocha anasema "timu imecheza vizuri". Mpeni haki yake jamani! Kuna siku natamani mtu mmoja tu amwinue juu juu, amwite simba. Kwenye mtihani wa kimataifa wa PISA hisabati yao imeporomoka, kutoka 501 mwaka 2018 hadi 468 mwaka 2022, na wao kwa wao wanabishana kama wamewadekeza watoto mno. Na vigelegele vyangu sipunguzi. Jumamosi ijayo nitawapigia na wale wengine, waone wenyewe kama walijua walichokiomba.

Nilikuwa nimefika hapa jana usiku simu ikalia. Kundi la familia. Dada katuma picha ya ripoti ya binti yake, darasa la tano, kaikuza mpaka kimebaki kimstari kimoja: nafasi ya 41 kati ya 88. Shangazi kaandika "Ajitahidi." Mjomba kaweka sura ya kulia. Nikaona hapa ndipo pa kusema yote haya niliyowaandikia, nikaanza kuandika, nikafuta, nikaandika tena. Nikamuuliza mtoto anapenda somo gani, kama bado anacheza netiboli. Dada akajibu sayansi, netiboli wamemwachisha kwanza.

Kimya kidogo. Halafu vidole vikaandika vyenyewe, na nilishatuma kabla sijajisoma:

"Wa kwanza kawa nani?"