Rola zinakufunza baiskeli, au zinakufunza rola?

Wanaozipenda rola, kifaa cha kuendeshea baiskeli papo hapo bila kwenda popote, husema ukiziweza ndani ya nyumba hutayumba tena barabarani. Wasiozipenda hujibu kuwa huko ni kujifunza kuogelea kwenye beseni. Nimezitumia misimu kadhaa, na naona kila upande umeshika kipande cha ukweli.

Kifaa chenyewe ni silinda tatu ndani ya fremu iliyolazwa sakafuni. Mbili hubeba gurudumu la nyuma, moja la mbele, na mkanda huzifunga pamoja ili magurudumu yote mawili yazunguke. Hakuna kinachoishika baiskeli. Si kama vile vifaa vinavyobana ekseli ya nyuma, ambavyo ukisinzia juu yake huanguki.

Wengi huamini kuwa mzunguko wa magurudumu ndio unaoifanya baiskeli ibaki wima. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft na Cornell walionyesha baiskeli waliyoiunda kwa kuifuta athari hiyo, na bado ikajisimamia bila mtu. Jambo kubwa ni usukani kugeukia upande ambao baiskeli inaangukia. Juu ya rola kazi hiyo hiyo unaifanya wewe, tena ndani ya upana ambao kwa kawaida haufiki nusu mita. Kwa hiyo anayesema rola ni mchezo tu amekosea.

Siku ya kwanza nilishika kizingiti cha mlango kwa mkono mmoja, macho yote kwenye tairi la mbele. Nikaanguka. (Sikurushwa ukutani kama wanavyotishana watu: baiskeli haikuwa na mwendo wa kwenda popote, ikagusa sakafu ikasimama.) Nilipoinua macho hadi ukutani na kulegeza viwiko, ikatulia. Ukikanyaga pedali kwa kushtukiza, tairi linacheza. Ukikaza mabega, linacheza zaidi. Kosa linakurudia papo hapo, wala huna barabara pana ya kulificha. Mazoezi hayo yana faida kwa anayeendesha ndani ya kundi: kufuata gurudumu la mwenzake kwa karibu, kuchomoa chupa, kutupa jicho nyuma bila kuhama mstari wake.

Shida inaanza kwenye kona. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 20, ukiikata kwa kilomita 36 kwa saa, inataka wewe na baiskeli mlale kama digrii 27, na mkae hivyo hadi itakapokwisha. Kwenye rola ukilala hata sehemu ndogo ya hapo umeshatoka. Breki nazo hazina somo huko: ile hali ya uzito kukimbilia mbele ghafla, nawe ukarudisha makalio nyuma, haitokei. Changarawe, upepo wa ubavuni, kuchagua pa kuingilia kona, hakuna hata kimoja.

Ndiyo maana mtu anayeogopa miteremko nisingempa rola. Ningempeleka kwenye uwanja mtupu wenye sakafu ngumu, nimpangie chupa tupu, azizunguke na kufunga breki mpaka achoke. Mimi mwenyewe, baada ya msimu mzima wa rola, niliweza kuvua koti huku nikiendesha. Kona ya kwanza ya mteremko niliikata vibaya vilevile kama mwaka uliotangulia.