Pati ya zilipendwa? Shona bugaluu yako mwenyewe

Mimi nasema hivi, ukialikwa pati ya zilipendwa usikimbilie kukodi nguo wala kununua lile wigi la afro na miwani ya plastiki ya rangi rangi, tafuta cherehani ushone. Siku hizi hizi pati za kimiaka ya sabini ni nyingi, birthdei, kicheni pati, hata sherehe za ofisini mwisho wa mwaka, na ukiingia ukumbini watu wote wanafanana, juu shati linang'aa ng'aa, chini suruali ya kawaida tu ya leo. Wazee wetu hawakuvaa hivyo jamani! Fungua albamu ya bibi uangalie zile picha za studio za enzi za mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, mtu kasimama kanyooka, shati limechomekwa, kola ndefu yenye ncha, suruali imepanda kiunoni na pindo limefunika kiatu. Kinachoonyesha miaka ile ni mkato.

Na mkato wa mwili wako huupati dukani. Bugaluu ya kweli, ile suruali ya miguu mipana chini, inabana kiunoni, makalioni na pajani, halafu inaanza kufunguka gotini, sio nyongani. Ikianza kufunguka juu umepata bwanga, suruali iliyo pana mguu mzima, na bwanga ni kitu kingine kabisa.

Kama ndio unaanza kushona usijitese na kukata suruali nzima. Nenda mitumba ukatafute suruali ya kiuno cha juu inayokukaa vizuri, fumua mshono wa nje kutoka gotini mpaka chini, chomeka kipande cha pembetatu, kitambaa cha rangi ileile au hata kitenge kama unataka kionekane, kila mguu kipande chake. Ile ncha ya juu ya pembetatu ndio ina kazi, ukiikimbiza inavuta na kufanya kijikunjo pale gotini ambacho pasi haikitoi, kwa hiyo bandika kwanza kwa sindano ya mkono, jaribu kutembea, ukae, ndio upeleke kwenye cherehani. Na urefu wa pindo upime ukiwa umevaa viatu utakavyovaa siku hiyo, hasa kama ni raizoni, vile viatu vya soli nene, maana soli ile inakunyanyua na bugaluu iliyopanda juu ya kifundo cha mguu haina maana tena.

Kitambaa chukua chenye uzito, polista nzito kidogo inayoning'inia vizuri. Pamba nyepesi inajikunja kunja na ule mfunguko wa chini unasinyaa. Kwenye kola weka gamu, kile kitambaa kigumu cha ndani, usiache, bila gamu zile ncha zinalegea kabla hata keki haijakatwa.

Kitu kingine ninachokijali sana, nguo hizi zina historia hapa kwetu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969 vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vikapigwa marufuku, na kuna wasichana walibughudhiwa mitaani kwa sababu ya sketi tu. Kwa hiyo dada ukishona kimini chako cha kimiaka ya sitini ujue unavaa nguo ambayo wenzako waliigombania, ishone vizuri basi, ikae sawa kifuani, pindo liwe limenyooka, uivae kwa heshima yake.

Ndio maana kukodi kunaniuma. Unatoa hela, unavaa usiku mmoja kitu kilichokatwa kwa mwili wa mtu mwingine, asubuhi unarudisha. Bugaluu uliyoishona mwenyewe Jumatatu unaivaa kazini na blauzi nyeupe, na nina hakika kuna mtu atakuuliza fundi wako ni nani.