Kodi ya Grünwald, mzigo wa München

Tramu namba 25 huvuka mpaka wa kusini wa jiji la München na kuishia Grünwald, mji mdogo kando ya mto Isar wenye halmashauri yake na wakazi kama 11,000. Kampuni zilizoandikishwa pale ni nyingi mno kwa mji wa ukubwa huo. Zinafuata namba moja: 240.

Hesabu ya kodi ya biashara Ujerumani ni hii. Unachukua asilimia 3.5 ya faida, kisha unaizidisha kwa kiwango ambacho kila halmashauri hujipangia: München asilimia 490, Grünwald 240. Kampuni ya GmbH (yaani yenye dhima ya kikomo) yenye faida ya yuro 100,000 hulipa yuro 17,150 München, na 8,400 Grünwald.

Mfanyabiashara binafsi asikurupuke kuhama. Yuro 24,500 za kwanza za faida yake hazitozwi, na kodi hii hukatwa kwenye kodi yake ya mapato hadi kiwango cha 400. Kwa hiyo akibaki München kinachomuuma ni zile pointi 90 za juu, si 250.

Hata kwa GmbH, wengi huteleza kwa kukodi dawati na sanduku la barua wakidhani yamekwisha. Ofisi ya kodi huuliza maamuzi ya kila siku yanafanyika wapi, nani anasaini mikataba, na ameketi wapi anaposaini. Mkurugenzi akishinda München, kodi ni ya München, pamoja na riba. Kampuni ikiwa na ofisi halisi pande zote mbili, kodi hugawanywa kwa uwiano wa mishahara. Penye wafanyakazi wengi ndipo inapoelekea.

Shughuli za kweli zipo Grünwald, tusiwaonee: studio za filamu za Bavaria ziko Geiselgasteig, ndani ya mipaka yake. Ila anayesema kodi ni ndogo kwa sababu halmashauri inabana matumizi ananichekesha. Treni za chini ya ardhi, hospitali za jiji na ukumbi wa maigizo wa Kammerspiele ni mzigo wa München.

Sheria iliweka kima cha chini cha kiwango cha halmashauri kuwa 200. Makubaliano ya serikali ya mseto ya 2025 yalitaka kifike 280, yaani yuro 9,800 kwa kampuni yetu ya mfano. Bado ni nafuu kwa yuro 7,350 kuliko München, na kwa tofauti hiyo dawati litaendelea kukodiwa. Mimi ningeanzia 350.