Dawa za sonona kwa watoto: tunaogopa dawa, ila nani anamwangalia mtoto?

Mtoto akiandikiwa tu dawa ya sonona lazima ndugu mmoja atume kwenye grupu la familia lile onyo la Marekani kwamba hizo dawa zinawaletea watoto mawazo ya kujiua. Na onyo ni la kweli jamani, siyo uzushi. Mwaka 2004 FDA, mamlaka yao ya dawa, ilijumlisha majaribio 24 yenye watoto na vijana zaidi ya 4,400, ikakuta waliopewa dawa, kama 4 kati ya 100 walipata mawazo au vitendo hivyo, waliopewa vidonge visivyo na dawa ni 2. Hakuna aliyejiua kwenye majaribio hayo lakini mzazi ukisikia imezidi mara mbili unashtuka, mi simlaumu mtu.

Sasa mwaka huohuo ukatoka utafiti wa vijana 439 wa miaka 12 hadi 17, waliopata fluoxetine, mojawapo ya hizo dawa za sonona, pamoja na tiba ya mazungumzo 71 kati ya 100 walipata nafuu kwa wiki 12, wa vidonge vitupu 35, na sonona yenyewe inaua, hilo kwenye grupu hakuna anayelituma.

Mi naona tulisikia nusu. Onyo lilisema mfuatilieni mtoto kwa karibu hasa wiki za mwanzo na dozi ikibadilishwa, watu wakasikia acheni. Dada yangu ana daftari la mwanae, kila siku mstari mmoja. "Jumatano. Saa tisa usiku bado anazunguka sebuleni, hajala, ana hasira." Akampigia daktari asubuhi, dozi ikapunguzwa. Vidonge anafungia kabatini kwake, anatoa kimoja, anasubiri mpaka kimezwe.

Ila hapa waoga wana hoja nzito, maana daktari anayeandika dawa afu anakupa tarehe ya miezi mitatu bila hata namba ya kupiga, huyo ufuatiliaji kakuachia wewe na hajakufundisha dalili zipi uziangalie. Mwombe namba kabla hujatoka, na usimkatishe mtoto dawa ghafla kwa kuogopa.

Dada pia anamuuliza wazi kila jioni, leo umewaza kufa? Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Siku nyingi anajibu hapana, siku moja akasema ndiyo, simu ikapigwa saa ileile na dada akalala naye chumba kimoja wiki nzima.