Mtengano Ndani ya Kosta

Mjomba wangu wa Kibosho hajawahi kufunga kitu nusunusu. Siku tunapeleka mbege ya posa Arusha, ile pombe ya ndizi na ulezi ya Wachagga, alitandika nailoni kwenye mdomo wa dumu la lita 20, akakaza kifuniko kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. "Hapa hata hewa haitoki," akasema. Na kweli haikutoka.

Mbege yenyewe ilikuwa bado changa, kimea cha ulezi kimetiwa jana yake tu, inachemka bila moto. Wanaoijua huiachia kifuniko kipumue. Konda naye, kwa kukosa pa kuliweka, akalibandika dumu juu ya boneti ya injini ubavuni mwa dereva, mahali ambapo ungeweza kukaangia yai.

Pembeni yangu alikaa dogo wa kidato cha tatu, daftari la kemia mapajani, anakariri kwa sauti. Muungano, viwili vinakuwa kimoja. Mtengano, kimoja kinavunjika. Uhamishaji, mwenye nguvu anamtoa mnyonge.

"Huo wa mwisho ndiyo nini?" akauliza mama mmoja wa Machame.

"Mama, mrututu unaujua?"

"Niulime kahawa nisijue mrututu?"

"Basi ile ni chumvi ya shaba. Tumbukiza msumari kwenye maji yake. Chuma kinaitimua shaba, shaba inaganda juu ya msumari, nyekundu kabisa, na ile bluu ya maji inafifia."

Tulikuwa tumefika Boma Ng'ombe. Konda alikuwa anamnyanyua kijana wa siti ya mbele ili akae baba mmoja mwenye tumbo lake. Mama akatazama, akatikisa kichwa: "Haya, nimeelewa."

Tulipopita njia ya uwanja wa ndege wa KIA, dumu likaanza kunenepa. Kitako kilituna, likawa haliwezi kusimama sawasawa, linabembea kila gari likipiga tuta.

"Mjomba, dumu linavimba."

"Limeshiba."

Karibu na Usa River likapasuka. Kifuniko kiligonga dari, nailoni ikamvaa konda usoni, povu la kahawia likamshukia dereva kichwani, ulezi mpaka masikioni. Nyuma wakapiga kelele, "Tairi!" Mwingine, "Gesi! Moto!"

"Siyo mwako, jamani!" Dogo alikuwa keshapanda juu ya siti. "Mwako unataka oksijeni! Hii ni kabonidayoksaidi, ndiyo wanayozimia moto! Ni mtengano! Chachu inaivunja glukosi, molekuli moja inatoa mbili za alkoholi na mbili za gesi!"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mama wa Machame alilamba kiganja, akafikiri kidogo. "Gome la msesewe limezidi, uchungu mtupu," akasema. Mjomba alilikumbatia dumu, akachungulia ndani, akatangaza kwamba wakwe watapata cha kuonja.

Mbele kidogo, trafiki. Alisogea dirishani kwa dereva, akarudi nyuma hatua mbili.

"Umekunywa?"

"Sijanywa, afande. Nimemwagiwa."

Kipimo kikaletwa. Dereva akapuliza, sifuri. Afande akakitikisa, akampulizisha tena. Sifuri. Akalinusa shati, akakitazama kipimo, akalinusa shati tena.

Ndipo dogo akatoa kichwa dirishani, daftari mkononi. "Shikamoo, afande. Huo ni mtengano wa glukosi."

Afande akamwangalia kwa muda, kisha akamsogezea kipimo.

"Na wewe, puliza."