Miaka ya Kiti Kitupu: IEBC Ilivunjwaje, na Nani Alaumiwe?

Mbunge wa Banissa, Kulow Maalim Hassan, alifariki Machi 2023. Ibara ya 101 ya Katiba ya Kenya imeweka wazi kinachofuata: Spika anaiarifu tume ya uchaguzi, IEBC, ndani ya siku 21, na uchaguzi mdogo unafanyika ndani ya siku 90. Wakazi wa Banissa, kule Mandera, walipiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Miezi 32 ilikuwa imepita, na bajeti tatu za taifa zilikuwa zimepitishwa pasipo mtu wa kuwasemea bungeni.

Sababu ni kwamba tume haikuwa na kamishna hata mmoja. Ofisi zake zilikuwa wazi, wafanyakazi walikuwepo, afisa mkuu mtendaji alikuwa kazini. Lakini kisheria tume ni makamishna, na bila wao hakuna wa kutangaza uchaguzi mdogo wala wa kuchora mipaka ya maeneobunge. Mwenyekiti Wafula Chebukati na wenzake wawili walimaliza muda wao Januari 2023. Mwenyekiti mpya, Erastus Ethekon, na wenzake sita waliapishwa tarehe 11 Julai 2025.

Wengi wanawalaumu wanasiasa, na hawakosi ushahidi. Mwaka 2016 maandamano ya upinzani yaliwang'oa mwenyekiti wa wakati huo, Issack Hassan, na makamishna wake kwa maafikiano ya bungeni, wakalipwa ili waondoke mapema. Waliowafuata waliingia Januari 2017, miezi saba tu kabla ya kura ya Agosti. Katika miezi hiyo walitakiwa kusafisha sajili ya wapiga kura, kupata mashine za KIEMS za kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, na kuwafunza makarani nchi nzima. Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais wa mwaka huo, na kasoro ilizozitaja zilihusu hasa usafirishaji na uhakiki wa matokeo, yaani kazi inayohitaji mazoezi ya muda mrefu. Kisha makamishna wakaanza kujiuzulu: Roselyn Akombe Oktoba 2017, wengine watatu Aprili 2018. Walibaki watatu, na nafasi zilizo wazi hazikujazwa hadi Septemba 2021, mwaka mmoja hivi kabla ya kura nyingine.

Hata hivyo, kusema wanasiasa pekee ndio walioiharibu IEBC ni kuwasamehe makamishna bure. Tarehe 15 Agosti 2022, Chebukati akijiandaa kumtangaza William Ruto mshindi wa urais kule Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura, makamishna wanne wakiongozwa na Juliana Cherera walikuwa hotelini Serena wakiyakana matokeo. Kesho yake walidai kuwa asilimia za wagombea wanne zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ni sawa na kura 142,000 hivi. Kura halali zilikuwa kama milioni 14.2, na asilimia 0.01 yake ni kura 1,420 hivi. Ziada yenyewe ilitokana na kukadiria desimali tu. Makamishna wa tume ya taifa walisimama mbele ya nchi yenye hofu wakiwa na hesabu iliyokosea mara mia moja. Kosa la namna hiyo halitakiwi kupita kimya.

Lakini wanne hao walikuwa na hoja moja yenye uzito, nayo ilizama katika kelele za hesabu. Walilalamika kwamba walitengwa katika hatua ya mwisho ya kuhakiki. Mahakama ya Juu iliidhinisha ushindi wa Ruto, lakini ilisema pia kwamba kuhakiki na kujumlisha kura za urais ni kazi ya tume nzima, si ya mwenyekiti peke yake. Ilipendekeza mipaka kati ya sera na utendaji iandikwe wazi. Na tukumbuke kwamba fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti, mwananchi yeyote akaweza kujumlisha mwenyewe. Mafarakano yalikuwa ya makamishna. Kazi ya wataalamu na makarani wa vituoni ilisimama imara.

Vipi kuhusu kuchelewa baada ya hapo? Wanaomtetea Rais Ruto wanasema jopo la kuteua makamishna liliundwa mapema 2023, na upinzani wenyewe ndio uliodai lisimamishwe kupisha mazungumzo ya NADCO, kati ya serikali na upinzani. Ni kweli. Watu walikuwa wamekufa katika maandamano ya mwaka huo, na tume iliyoteuliwa na upande mmoja ingezaliwa bila imani. Mimi nakubali hoja hiyo hadi Novemba 2023, ripoti ya mazungumzo hayo ilipokamilika. Baada ya hapo naikataa. Sheria mpya ya IEBC ilitiwa saini Julai 2024, vijana wa Gen Z walipokuwa tayari barabarani wakiandamana, na jopo halikuapishwa hadi Januari 2025, huku vyama vikivutana kuhusu nafasi zao ndani yake. Na majina yalipopatikana, tangazo la kwanza la uteuzi katika gazeti la serikali lilitolewa huku amri ya mahakama ikilizuia, hata mahakama ikalifuta.

Hasara nyingine haikupigiwa kelele. Ibara ya 89 inataka mipaka ya maeneobunge ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Mara ya mwisho ilikuwa Machi 2012, kwa hiyo ukomo ulipita Machi 2024 kukiwa hakuna tume. Ibara hiyohiyo inasema mipaka inayokamilika ikiwa imebaki chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu haitumiki katika uchaguzi huo.

Tatizo ninaloliona mimi limo katika muundo, na viongozi wa pande zote wamelitumia: makamishna huingia kwa mkupuo na kutoka kwa mkupuo, na anayechelewesha uteuzi haadhibiwi kwa lolote. Vipindi vingepishana, kwa mfano watatu wakimaliza mwaka wa tatu na wanne mwaka wa sita, siku zote wangekuwepo watatu, idadi ambayo ibara ya 250 inaiona kuwa ya chini kabisa kwa tume.

Makamishna saba wa sasa waliapishwa siku moja kwa muhula wa miaka sita. Wasipobadilishiwa utaratibu, wote wataondoka Julai 2031, miezi 13 kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2032.